Mfupa wa Akika

Binti Shamte alisema Furaha ni mla watu, na hakusema kwa kunong'ona. Alisimama kwenye ua wa makuti unaotenga kwake na kwa Arafa, mdomo umemvimba upande mmoja kama aliyeumwa na nyuki, mkononi ana kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, akawa anajikanda huku anasema.

"Mwanangu, nakwambia kwa kuwa una kichanga ndani. Wale wa kwao, wa msituni huko Kongo, wanakulana. Marehemu Shaibu alituletea fisi kamvika kanga. Mwanamke gani tangu aletwe hapa Ndagoni hajagusa nyama? Ng'ombe hali, mbuzi hali, kuku hali. Kwa nini? Keshaonja ile tamu, hizi zetu anaziona chachu."

"Samaki anakula, mama," Arafa alisema. Alikuwa amekaa mkekani, mwanawe Luqmani ananyonya, na alisema polepole asije akamshtua mtoto.

"Samaki si nyama! Usinichekeshe, mdomo unauma." Binti Shamte alijikanda tena. "Wewe mwenyewe ulikuwepo. Kanirukia kinywani, Arafa. Kinywani! Mtu mzima mimi, mjukuu wangu anakaribia kuolewa, naingizwa vidole mdomoni mbele ya watu kama ng'ombe anayekaguliwa meno. Alikuwa anatafuta nini mle kama si mfupa? Na mfupa anautakia nini? Jijibu. Na huyo mtoto usimpakatishe tena. Huoni anavyomwangalia?"

Arafa alimhamishia mtoto titi la pili. Kuona alikuwa ameona, ila hakuwa na hakika ameona nini.

Ilikuwa jana yake, Ijumaa, siku ya akika ya Luqmani. Mtoto wa kiume huchinjiwa mbuzi wawili, lakini Ukasha, mume wa Arafa, alipata mmoja, na wa pili akasema Mungu anaijua hali yake. Mbuzi wa akika hapigwi shoka. Akishachunwa, mwenye mkono mwepesi humwachanisha kwa kisu, kiungo kwa kiungo, usivunjike hata ubavu. Watu wakishakula, mifupa yote hukusanywa kwenye kitambaa cheupe, ikafungwa na kufukiwa. Wanasema mfupa wa akika ukivunjika, mtoto naye hana salama.

Furaha alikuwa amefika tangu asubuhi kusaidia. Alikuwa mwanamke mfupi, kichwa chake kinamfikia Arafa begani, na Arafa mwenyewe si mrefu. Lakini mikono yake ilikuwa minene ya kazi, kwa sababu maisha yake yote ya Ndagoni aliyaendesha kwa kupiga makumbi ya nazi na kusokota kamba za usumba, nyuzi za makumbi hayo. Shaibu, mtoto wa hapa hapa, aliondoka kijana akawa utingo wa malori yanayovuka mpaka wa Kongo, akarudi na furushi la nguo na mke huyu. Watoto wa kijiji walimkimbilia kumpima urefu. Wakubwa walimuuliza kama kwao watu wana mikia. Alicheka nao, akasilimu, akajifunza kukuna nazi na kufunga mwani, na Shaibu alipokufa kwa presha akabaki peke yake kwenye nyumba yake, hana mtoto, hana ndugu. Alikuwa akija kwa Arafa kila siku kumkanda mtoto, na mtoto alikuwa akilala vizuri mikononi mwake kuliko mikononi mwa yeyote.

Siku ile ya akika alikuna nazi, akapakua wali, akawatilia wenzake nyama na yeye asile. Wanawake wakakaa kuzunguka masinia. Binti Shamte alikuwa anasimulia habari ya mwanamume mmoja wa Kilindoni aliyeoa wake wawili wenye jina moja, na watu wanacheka. Mkononi ana mfupa wa paja. Basi, kwa ulevi wa mazungumzo, na kwa kuwa ni mtu anayependa uboho tangu utoto wake, akauweka mfupa kwenye magego, akaubana.

Mfupa ukalia: ka!

Mwanamke wa kwanza akasema, "Astaghfirullahi." Wa pili akashika kifua. Binti Shamte mwenyewe akatoa macho, mfupa umo mdomoni, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Pengine wangecheka, maana kosa la kusahau lina msamaha wake. Lakini Furaha alikuwa tayari ameruka. Aliruka juu ya sinia, akamwangusha Binti Shamte chali, akampigia goti kifuani na kumtia vidole vinne mdomoni. Alivuta. Mdomo ukachanika pembeni, damu ikachuruzika mpaka shingoni, na Binti Shamte akawa anapiga miguu mchangani asiweze hata kulia. Ukasha alikuja mbio kutoka upande wa wanaume, akamkamata Furaha kiunoni kumvuta, Furaha akamchana shavu bila kumtazama. Hakuachia mpaka alipotoa vipande vyote viwili, na kibanzi cha katikati.

Kisha akakaa. Alikaa katikati ya wali uliomwagika, mikono ina damu ya mwenzake, akawa anavipachika vile vipande vikae pamoja. Vilikataa. Alivigeuza, akavipachika tena. Kooni mwake ilikuwa inatoka sauti ndogo ambayo Arafa hakupata kuisikia kwa mtu, ila kwa paka aliyezaa watoto wakafa.

Wengine waliona mwanamke anayegombea mfupa. Arafa aliona mikono tu, na mikono ile haikupelekwa mdomoni hata mara moja.

Habari ikasambaa kama moto kwenye makuti. Ijumaa hiyo hiyo, kabla ya magharibi, vijana walimkuta Furaha kisimani, wakampiga mawe. Jiwe moja lilimpasua kipaji cha uso. Alipofika kwake alikuta mlango umepigwa mateke na lundo lake la usumba, kazi ya miezi, linawaka uani. Hakupiga kelele. Alichukua maji aliyokuwa nayo kichwani, ambayo hayakumwagika licha ya mawe yote yale, akazima moto.

Jumamosi, Binti Shamte bado yuko uani na kitambaa chake, ikaja bodaboda. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa bara, amevaa suruali na mtandio, begi begani. Kati ya watu wote wa Ndagoni akamuuliza yule yule.

"Shikamoo mama. Naitwa Tumaini, mimi ni wakili. Namtafuta Bi Furaha, mjane wa Shaibu."

"Marahaba. Wakili? Alhamdulillahi, sheria imefika mapema. Mimi ndiye mlalamikaji." Akamfungulia mdomo. "Tazama. Tazama na huku ndani. Mla watu huyu."

Wakili Tumaini hakutazama mdomo. Alimtazama Binti Shamte usoni, akasema, "Hilo neno mmelipata wapi?"

"La nini?"

"La kula watu."

"Si lazima ulipate mahali, mwanangu. Linajulikana."

Arafa aliona uso wa wakili umebadilika, akamfunga Luqmani mgongoni, akasema, "Njoo dada, nikupeleke."

Walimkuta Furaha amekaa nyuma ya mlango uliovunjika, kitambaa kimefungwa kichwani, panga magotini. Wakili alimwamkia, akamtajia mama mmoja wa mji wa Beni, huko Kongo, aliyewahi kumhifadhi, kwamba ndiye aliyemtajia yeye wakili jina la Furaha. Akamwambia mtu mmoja amekamatwa katika nchi moja ya Ulaya, akiuza matairi, na kwamba mtu huyo zamani alikuwa mkubwa wa kikosi kule msituni. Akataja kijito. Furaha akainua kichwa aliposikia jina la kijito, kisha akakiinamisha.

"Kwenye kambi ile tumetafuta mtu aliyebaki," wakili alisema. "Tumekupata wewe tu. Jumatano wachunguzi wa mahakama watakuwa Kilindoni. Wanataka kukusikia."

Wakili alingoja mpaka chai aliyopewa na Arafa ikapoa. Mwishowe Furaha aliinuka, akaingia chumbani, na wakasikia anafunga nguo kwenye shuka.

"Anataka kuhama," Arafa alisema. "Kwa mawe yale ya jana, hata mimi ningehama."

Wakirudi kwenye bodaboda Arafa aliuliza kosa la yule muuza matairi linaitwaje. Wakili akasema, "Mauaji ya kimbari."

"Kama ya Rwanda."

"Kama ya Rwanda. Watu hudhani ni kuua wengi tu. Hapana. Dunia ilikubaliana kwa mkataba, mwaka arobaini na nane, hata wazazi wetu hawajazaliwa. Ni kutaka kulifuta kabila, au taifa, au watu wa rangi moja au wa dini moja, kwa sababu tu ni wao. Kulifuta lote au sehemu yake. Unaweza kulifuta kwa kuua. Unaweza kwa kuwaumiza miili na akili, au kuwawekea maisha ambayo watakwisha tu. Kuwazuia wasizae. Kuwachukulia watoto wao ukawape watu wengine."

"Hata kuzuia kuzaa?" Arafa aliuliza, akafikiria nyumba ya Furaha isiyo na mtoto.

"Hata hiyo. Na Wambuti, watu wa Bi Furaha, wamekuwa msituni mle kabla ya kila mtu mwingine. Kila jeshi linalopita linawaona kama wanyama wanaolizuia njia."

"Basi si limethibitika? Walikufa, yeye kaona."

"Kufa kumethibitika, dada yangu. Kazi ni nia. Wakili wa yule bwana atasema ilikuwa vita. Atasema askari walikuwa walevi. Atasema," na hapo akashika mkanda wa begi lake kwa mikono miwili, "atasema walikuwa na njaa. Tunaweza kujenga nia kwa matendo, tofali kwa tofali, lakini kuna neno ambalo yule mkubwa wao alilisema siku ile. Tumeambiwa alilisema. Aliyelisikia kwa masikio yake akabaki hai ni huyo anayefunga nguo. Akiondoka kabla ya Jumatano, yule bwana atahukumiwa kwa mauaji, labda. Lakini lile jina halisi la kosa lake, la kutaka kuwafuta, halitasemwa."

Kesho yake Arafa alimtafuta Furaha nyumbani asimkute. Shuka lenye nguo lilikuwa limefungwa, limewekwa juu ya kitanda. Akashuka pwani.

Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope, mahali maji yanapojaa na kutoka, yakawekewa mawe juu. Huoza humo miezi mingi mpaka nyama yake ilainike na nyuzi ziachane, ndipo huchimbuliwa na kupigwa. Harufu yake, asiyeizoea hutapika. Furaha alikuwa ndani ya shimo lake mpaka magotini, anatoa kumbi moja moja, analilaza juu ya gogo na kulipiga kwa mchi. Alipiga kama anayepigana. Maji meusi yalimrukia usoni na kwenye kitambaa cha kipaji.

"Nimekuja kusaidia," Arafa alisema.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mgongoni."

"Mkalishe kivulini. Inzi."

Arafa alimlaza Luqmani kwenye kanga chini ya mkoko, akashika mchi wa pili. Walipiga muda mrefu. Ndipo Arafa, bila kumtazama, akauliza, "Bi Furaha, ule mfupa. Uliutakia nini?"

Mchi wa Furaha ukasita hewani, ukashuka.

"Ulivunjwa," alisema. "Wa mtoto wako."

Akapiga mara kadhaa. Halafu akaanza, na hakuacha kupiga. Kila alipomaliza kipande cha habari, mchi ulishuka.

"Tulikuwa kambi moja, kando ya kijito. Wanaume walikuwa wamenasa paa kwa nyavu, kuna furaha, tumelala tumeshiba. Askari walikuja asubuhi, ukungu haujaondoka. Mimi nimetoka kuchota maji. Baba yangu mkubwa alisimama kuwaamkia, akanyoosha mkono. Wakaukata mkono. Akawa anautazama pale chini, kama mtu kadondosha kitu. Ndiyo wakamkata shingo.

"Mama alimlalia mdogo wangu. Walipiga risasi moja, ikawatosha wote wawili. Watoto wa dada yangu walikimbilia majini. Waliwafuata wanacheka, wanawashika miguu. Kulikuwa na jiwe kijitoni la kufulia." Mchi ulishuka. "Jiwe lile lile.

"Dada yangu alikuwa na mimba ya kukaribia. Waliwekeana dau, ni wa kiume au ni wa kike. Wakatazama."

Arafa aliacha kupiga. Aligeuka kumtazama Luqmani, akaona tumbo lake dogo linapanda na kushuka, akakaa kwenye matope.

"Watu wazima wachache waliobaki waliwafunga kamba. Moto nilichochea mimi. Maji nilileta mimi, na bunduki iko hapa." Akagusa kisogo. "Nilidhani ni paa wetu wanataka kupika. Mwanangu, walichukua shoka. Hapa kwenu mbuzi mnamwachanisha kwa kisu, kwa bismillahi, mnaogopa hata ubavu wake. Wao baba zangu waliwapiga shoka. Mfupa ukilia, nausikia. Wakala. Wakanyonya uboho, wanagonga mfupa kwenye jiwe. Wakanilazimisha kukaa nitazame, na anayetaka kufanya jingine na mimi ananifanya, halafu anarudi kula. Walikaa nami wiki nyingi, nabeba mizigo yao. Nilipotoroka tumbo langu lilikuwa limekwisha. Shaibu alinipeleka mpaka hospitali ya Muhimbili, wakasema hapo hapana kitu tena.

"Nilipotoroka nilirudi kwanza kambini. Nikakusanya mifupa pale jivuni nizike. Sikuweza kujua huu wa nani, huu wa nani. Yote imevunjwa. Naiunganisha, haiungani."

"Na hukupata kumwambia mtu?"

"Niliwahi, Beni. Mama niliyemwambia alinipokonya sahani mkononi. Akasema, 'Kama uliona, basi na wewe ulikula.' Yule alikuwa mtu mwema, mwanangu. Alinihifadhi. Lakini sahani yangu alikuwa anaiosha peke yake."

Hapo ndipo walipomsikia Binti Shamte. Alikuwa amekuja pwani na wanawake wenzake wawili, madumu vichwani, na alipoona nani yuko shimoni na nani kakaa kwenye matope akatupa dumu.

"Arafa! Mtoto umemlaza chini, unazungumza na huyu? Mtoe kabisa umtie na chumvi, basi!" Akaokota kumbi bichi, akalirusha. Likampata Furaha kwenye kitambaa cha kipaji, kidonda kikafunguka. "Wewe mla watu, utaondoka lini?"

Furaha alipanda kutoka shimoni. Damu na maji meusi vinamshuka usoni, mchi uko mkononi. Wale wanawake wawili wakarudi nyuma. Binti Shamte hakurudi. Alikuwa mkaidi, hilo hata adui yake hamnyimi.

"Sikula!" Furaha alipiga kelele. Katika miaka yote hapana aliyemsikia akipaza sauti. "Sikula mimi! Batu bangu ndio balikuliwa! Mama yangu, baba yangu, dada, batoto! Niliona banakula! Kwa macho haya!" Kiswahili cha kwao kilikuwa kimemrudia chote. "Mmoja wao alikuwa anatapika, akasema, 'Afande, hawa ni watu.' Yule mkubwa alikuwa anakula. Akafuta mkono kwenye suruali, akamjibu." Alivuta pumzi, ikakatika, akavuta nyingine. Neno lilipotoka lilitoka kama kitu kinachong'olewa. "'Bale haiko batu. Ni nyama ya pori. Tunasafisha pori. Musibakishe hata mbegu.'"

Upepo ulikuwa unapiga mikoko. Binti Shamte alifungua mdomo, akaufunga kwa sababu ulimuuma.

"Kwa lugha gani?" aliuliza mwishowe.

"Kiswahili. Hiki hiki mnachobembelezea watoto."

Mmoja wa wale wanawake alianza kulia, akachukua dumu lake akaenda zake. Binti Shamte alibaki amesimama. Alitazama mchi, akatazama makumbi yaliyolala juu ya gogo, yameachana nyuzi nyuzi.

"Kwa hiyo juzi," alisema, "uliniona mimi ndio wale."

"Nilijua ni wewe. Nilijua ni mbuzi. Mkono ulikwenda wenyewe." Furaha alijifuta damu kwa kiganja. "Mimi nilipoziona akika zenu mara ya kwanza, mnavyokusanya mifupa ya mnyama, yote, mnaifunga kitambaa cheupe kwa ajili ya mtoto, nilimwambia Shaibu, sirudi tena kokote. Hapa mtu anaweza kufa vizuri. Halafu wewe ukauvunja."

"Nilisahau."

"Najua."

"Nilikuwa nasimulia, nikasahau. Tangu ile juzi nasema wewe, nasema wewe, na aliyevunja ni mimi." Binti Shamte alimwangalia Luqmani pale kivulini, mara moja tu, akaondoa macho haraka. Hakuomba radhi. Alivua mtandio wake, akauchana pembeni kwa meno yake ya upande mzima, akamtupia Furaha kipande. "Jifunge. Unavuja kama mtungi." Kisha akaokota dumu, akapanda njia ya kijijini, na walimwona anasimama mara mbili kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Jioni ile hapakurushwa jiwe. Jumatatu Ukasha, shavu lake lina alama za kucha, alikwenda kuutengeneza mlango wa Furaha. Hakuna aliyemwita Furaha mla watu tena kwa sauti, lakini pia hapana aliyejua amwite nani. Wanawake walikuwa wakikata mazungumzo akipita. Shuka lenye nguo lilikaa pale pale juu ya kitanda. Arafa aliliona Jumanne, akaliona Jumatano alfajiri alipokwenda kumchukua. Furaha alikuwa amevaa, ameketi karibu nalo, mkono uko juu ya fundo.

"Kuna boti leo ya kwenda bara, Nyamisati," alisema.

"Ipo," Arafa alisema. "Na bodaboda mbili za Kilindoni ziko nje. Mimi sichagui."

Nje Luqmani alianza kulia mikononi mwa baba yake. Furaha aliondoa mkono kwenye fundo, akasema, "Huyo ana njaa," akatoka.

Huko Kilindoni wakili Tumaini aliwapokea kwenye nyumba ndogo ya wageni nyuma ya soko. Aliwaeleza yatakayokuwa. Ndani kuna wachunguzi wawili wazungu na mkalimani, na chombo cha kurekodi. Wataanza kwa jina lake na watu wake, watakwenda polepole, na anaweza kuomba maji, anaweza kuomba kupumzika. Mtu mmoja anaruhusiwa kukaa naye, ila asiseme lolote, asimkumbushe, asimjibie; akimjibia tu, ushahidi wote utatiliwa shaka.

"Na lile la yule mkubwa wao?" Arafa aliuliza.

"Watamuuliza alisema nini. Lazima litoke kinywani mwake yeye, kama lilivyosemwa, si kwa kuzunguka." Wakili alimtazama Furaha. "Mama, utaweza?"

Furaha alitikisa kichwa kukubali. Wakili akaingia kuwaambia wachunguzi kwamba wako tayari.

Wakabaki wawili kwenye benchi la korido. Sokoni mwuza nyama alikuwa anafanya kazi yake, na kila shoka liliposhuka kwenye gogo la bucha Furaha alifumba macho. Rangi ilikuwa imemtoka midomoni.  

"Pale pwani nililisema kwa hasira," alisema. "Binti Shamte alinirushia kumbi, likatoka. Wale mle ndani watanipa maji. Watanipa pole. Litabaki ndani, mwanangu, nalijua, litakaa hapa kooni na nitawaambia sikumbuki."

Mlango ukafunguka. Wakili akasema, "Karibuni."

Furaha alimshika Arafa mkono, akauingiza chini ya kanga yake mwenyewe, akaubandika ubavuni, pale karibu na kwapa ambapo ngozi ni laini.

"Wakiniuliza alisema nini, nikanyamaza," alisema, "nifinye. Hapa. Kwa kucha. Usiseme neno, nifinye tu, na nikianza kulia usiache. Usinionee huruma, Arafa. Finya mpaka litoke."